NeuralFoil kwa sisi tunaochonga mapanga ya upepo: hesabu isiyokataa kujibu

Ninachonga mapanga ya mitambo midogo ya upepo hapa Singida, na kwa kazi hiyo NeuralFoil ndiyo programu ya hesabu iliyonisaidia kuliko nyingine yoyote. Ni ya bure. Inakaa kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, ikishapakuliwa haidai bando, na inajibu swali ambalo mafundi wengi tumekuwa tukilijibu kwa kukisia: nikitoka nje ya mchoro kwa milimita mbili, ninapoteza kiasi gani? Ila ina tabia moja ambayo asiyeijua itamponza. Haikatai kujibu. Ukiipa umbo la maana itajibu, na ukiipa kituko itajibu vilevile.

Kwa asiyeifahamu: unaipa umbo la mkato wa bawa, yaani lile umbo unaloliona ukilikata panga kwa msumeno na kulitazama ubavuni, kisha unaiambia pembe ambayo hewa inalijia na namba ya Reynolds, namba inayotokana na kasi ya hewa na upana wa panga (nitaifafanua mbele). Inakurudishia nguvu ya kunyanyua, ukinzani wa hewa, nguvu ya kulipindua bawa, na mahali ambapo hewa inayopita juu na chini inaacha kutiririka kwa utulivu na kuanza kuvurugika. Majibu yanatoka kabla hujanyanyua kidole kwenye kitufe.

Siri ya kasi hiyo ni kwamba haikokotoi hewa kabisa. Mwaka 1986 profesa Mark Drela wa MIT, Marekani, aliandika programu iitwayo XFOIL, ambayo kweli inakokotoa: inaugawa uso wa bawa vipande vidogo, inatafuta mwendo wa hewa ya nje, halafu inausuluhisha na mwendo wa lile tabaka jembamba la hewa linalogusana na uso, mpaka pande zote mbili zikubaliane. Ndiye Drela aliyechora mikato ya mabawa ya Daedalus, ndege ya kukanyaga kwa miguu iliyoruka kutoka Krete hadi Santorini mwezi Aprili 1988, umbali wa kilomita 115 juu ya bahari. Mtu akikuambia XFOIL ni ya zamani, mkumbushe hilo.

Miaka mingi baadaye Peter Sharpe, akiwa MIT hapo hapo, aliiendesha XFOIL makumi ya mamilioni ya mara, kwa maumbo, pembe na mwendo tofauti, akayakusanya majibu na kuufundisha mtandao wa neva bandia, yaani programu inayojifunza kwa mifano, uyaige. Huo mtandao ndio NeuralFoil. Ni modeli iliyorahisishwa, iliyozaliwa na data: badala ya kupitia hatua zote za hesabu, imejifunza uhusiano wa umbo na jibu. Na umbo lenyewe inalihifadhi kwa namba 18 tu, nane za upande wa juu, nane za upande wa chini, moja ya ukingo wa mbele na moja ya unene wa ukingo wa nyuma.

Hiyo namba ya mwisho ndiyo iliyonifanya niipende.

Mtambo tunaoutengeneza una mapanga matatu, kila moja lina urefu wa mita 1.2 kutoka kitovuni. Upepo ukiwa mita 5 kwa sekunde tunataka ncha ikimbie mara sita ya upepo, yaani mita 30 kwa sekunde, ambayo ni karibu mizunguko 240 kwa dakika. Hapo tukipata wati 80 za kuchaji betri tunashukuru. Mkato tuliouchagua unaitwa SG6043, mmoja wa familia ya mikato iliyochorwa na watafiti Giguère na Selig kwa ajili ya mitambo midogo ya upepo hasa. Unene wake ni asilimia 10 ya upana wa panga, na ukingo wake wa nyuma kwenye mchoro unakwisha kama wembe.

Sasa mpe seremala mchoro huo na ubao wa paini. Mzee ninayefanya naye kazi, ambaye randa mkononi mwake inatii kuliko mashine, aliutazama ule ukingo akatikisa kichwa.

"Mwanangu, ukiniambia nifikishe hapa, mwezi hauishi utakuwa umemeguka."

"Tuache milimita ngapi, mzee?"

"Mbili. Chini ya hapo mimi simo."

Zamani mjadala ungeishia hapo, mmoja wetu akubali kwa heshima tu. Safari hii nilikaa na kompyuta pembeni ya meza ya randa. Nchani panga letu lina upana wa milimita 80, kwa hiyo milimita mbili za ukingo wa nyuma ni asilimia 2.5 ya upana. Katikati, ambapo upana ni milimita 130, milimita mbili zilezile ni kama asilimia 1.5. Nikaiambia NeuralFoil ibadilishe namba ile moja tu, unene wa ukingo wa nyuma, kutoka sifuri hadi 2.5 kwa hatua ndogondogo, na kila hatua inichoree nguvu ya kunyanyua na ukinzani kwa pembe zote kuanzia sifuri hadi nyuzi 12. Ni mamia ya hesabu, na zilikwisha kabla mzee hajamaliza kunoa patasi.

Picha iliyotoka ilikuwa bayana. Nguvu ya kunyanyua haikutikisika sana. Ukinzani ulipanda, na ulipanda zaidi nchani kuliko katikati, kama hesabu ya asilimia ilivyoashiria. Nusu ya nje ya panga inafagia robo tatu ya eneo lote la duara, kwa hiyo hapo ndipo umeme unapotoka, na hapo ndipo uzembe unapogharimu. Tukaafikiana: theluthi mbili za ndani mzee aache milimita mbili zake kwa amani. Theluthi ya nje tunashuka hadi milimita moja, lakini ukingo tunaufunga kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi ya epoksi ili usimeguke. Yeye alipata alichotaka na mimi nilipata nilichotaka, na hakuna aliyeshindwa kwa sauti.

Faida ya modeli kama hii iko hapo. XFOIL nayo ingeweza kunipa majibu hayo, tena kwa uaminifu zaidi, kwa sababu ndiyo mwalimu. Ila XFOIL hukwama. Ukiipeleka polepole kwenye pembe kubwa, au ukiipa ukingo wa nyuma wa ajabu, unafika mahali inazunguka, inazunguka, halafu inakuandikia kwamba suluhisho halikupatikana. Unarudi nyuma nusu nyuzi, unaongeza vipande vya uso, unajaribu tena. Kwa umbo moja unavumilia. Kwa maumbo mia moja unaacha kazi. NeuralFoil haina kukwama, na mchoro wake hauna mashimo. Mistari ni laini, kiasi kwamba unaweza kuiachia kompyuta yenyewe itafute umbo bora bila kuanguka njiani.

Lakini ulaini huo si ushahidi. XFOIL inapokwama inakuambia jambo la maana: hapa hewa inafanya mambo magumu, usiniamini. NeuralFoil mahali hapohapo itachora mstari mzuri. Waundaji wake waliliona hilo, wakaweka katika kila jibu namba ya ziada iitwayo analysis_confidence, kati ya sifuri na moja, ambayo inakuambia modeli inajiamini kiasi gani. Wengi ninaowaona wakiitumia wanachukua nguvu ya kunyanyua na ukinzani, hiyo namba wanaiacha ilipo. Ndugu zangu, msiiache. Kwenye karakana yetu hakuna mchoro unaokwenda mezani kwa mzee bila mstari wa namba hiyo kuchorwa chini yake. Ikiwa juu, tunaendelea. Ikianza kuporomoka, sehemu hiyo tunaipeleka XFOIL, na XFOIL nayo ikikataa, tunajua tumefika mwisho wa hesabu rahisi na kilichobaki ni kupima kwa upepo wenyewe.

Na kwetu namba hiyo ina kazi nzito kwa sababu ya mahali tunapoishi na ukubwa wa tunachotengeneza. Namba ya Reynolds ni kasi ya hewa ukiizidisha kwa upana wa panga, kisha ukagawa kwa mnato wa hewa kulingana na uzito wake. Singida iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,500, na hewa yetu ni nyepesi. Nikipiga hesabu kwa siku ya nyuzi joto 25, nchani napata kama 130,000, katikati karibu 108,000, na robo ya ndani, ambapo panga lina upana wa sentimita 18 lakini linakwenda polepole, chini kidogo ya 80,000. Panga hilohilo likipelekwa Tanga au Bagamoyo, nchani lingefika karibu 150,000 kwa upepo uleule. Kwenye ndege kubwa namba hizi huhesabiwa kwa mamilioni, na huko tofauti ndogo hainyimi mtu usingizi. Huku chini kila elfu kumi inahesabika.

Sababu ni hii. Kwenye namba ndogo za Reynolds, tabaka la hewa linalopita juu ya panga linaanza kwa utulivu, linafika mahali ambapo msukumo wa hewa unaanza kupanda, na halina nguvu ya kuupanda mlima huo. Linabanduka kutoka kwenye uso. Likiwa limebanduka linavurugika, na kule kuvurugika kunalipa nguvu ya kurudi na kushika uso tena, kwa hiyo katikati panabaki kipovu cha hewa iliyotuama. Kipovu kikiwa kifupi, unalipa ukinzani kidogo. Kikirefuka unalipa mwingi, na kisipofunga kabisa panga linakuwa kama ubao tu. XFOIL inasifika kwa kukisia kipovu hiki vizuri, na NeuralFoil imerithi sifa hiyo. Mkato uitwao Eppler 387 ndio uliopimwa sana kwa ajili ya suala hili. NASA, shirika la anga la Marekani, waliupima katika kituo chao cha Langley kwa namba za Reynolds kuanzia 60,000 hadi 460,000 na kuchapisha matokeo mwaka 1988, kwa hiyo yeyote mwenye programu ya namna hii anaweza kujilinganisha nao. Kwa 200,000 na kuendelea utatulia. Ukiteremka kuelekea 60,000 mambo yanageuka, kipovu kinakuwa na tabia ya kubadilika kwa sababu ndogo mno, na hapo hata vipimo vya maabara tofauti havikubaliani vizuri. Kwa hiyo mtu asiidai modeli usahihi ambao hata maabara hazina. Sehemu ya ndani ya panga langu iko jirani na eneo hilo, na ndiyo maana huko ndani sifuatilii umbo la kitabuni. Ninachonga nene, kwa ajili ya nguvu ya mbao, basi.

Jambo la pili ninaloitumia kulipima ni vumbi. Mwezi wa Agosti hapa ukipitisha kidole kwenye ukingo wa mbele wa panga kinarudi chekundu, na wadudu nao wanagandia. NeuralFoil inakuruhusu kuilazimisha hewa ivurugike mapema, kwa mfano asilimia 5 tu kutoka ukingo wa mbele, kwa kutumia xtr_upper na xtr_lower. Unaweza pia kuishusha n_crit, namba inayoeleza hewa unayoruka ndani yake ni tulivu kiasi gani. Ukiiacha yenyewe inakaa 9, ambayo ni hali ya njia ya upepo ya kawaida ya maabara. Warusha glaida, ndege zisizo na injini, wanaipandisha hadi 12 au 14, na kwa hewa yenye misukosuko inashushwa hadi 4. Mimi huendesha kila mkato mara mbili, safi na mchafu, na ninachagua ule ambao hauanguki vibaya ukichafuka, hata kama ukiwa safi si bingwa. Lakini elewa mpaka wake: kulazimisha hewa ivurugike si sawa na tope lenyewe. Tope lina unene, linabadilisha umbo, na hilo modeli hailioni.

Kuna mengine isiyoyaona. Ni hesabu ya mkato mmoja uliosimama peke yake, haijui kwamba panga lina ncha ambapo hewa inakimbilia upande wa pili, wala kwamba linazunguka, wala kwamba paini inajipinda upepo ukikaza. Yote hayo unayaongeza mwenyewe katika hesabu ya mtambo mzima. Haielewi bawa lenye vipande viwili na upenyo katikati. Na kwa kuwa umbo inalikumbuka kwa namba 18, ukilileta umbo lenye kona kali au bapa lililokunjwa, italilainisha kwanza ndipo ilipime, kwa hiyo jibu utakalopata ni la umbo jingine. Wanaotengeneza mapanga kwa bomba la plastiki lililopasuliwa, njia inayopendwa sana kwa sababu ni rahisi, wawe waangalifu hapo. Chora umbo lililolainishwa juu ya umbo lako halisi uone kama yanalingana, kabla ya kuamini chochote.

Nilipoipokea mara ya kwanza niliijaribu uungwana wake kwa njia rahisi. Nilichukua NACA 0012, mkato ambao juu na chini yake ni sawasawa, nikauweka pembe sifuri. Mtandao wa neva uliofundishwa ovyo ungeniambia kuna kanyanyuo kadogo kanakotoka hewani. Huu ulisema sifuri. Ndivyo ulivyojengwa: kanuni kwamba umbo likigeuzwa juu chini na majibu yanageuka imefungwa ndani ya modeli yenyewe, haikuachiwa data iikisie. Vitu vidogo kama hivi vinanipa imani kuliko matangazo.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie OpenFOAM, ambayo nayo ni ya bure na inakokotoa hewa kwa undani. Naiheshimu. Lakini kutengeneza wavu wake, yaani kuigawa hewa yote inayolizunguka umbo katika vijisehemu vya hesabu, kwa umbo moja ni kazi, kompyuta yangu inahema, na kwenye vipovu vya namba ndogo za Reynolds inahitaji mtu anayejua sana anachochagua. Wengine wanataja AirfRANS, mkusanyiko wa hesabu 1,000 uliotolewa mwaka 2022 kwa ajili ya kufundishia modeli za namna hii. Ni kazi nzuri, ila namba zake za Reynolds ziko kati ya milioni 2 na milioni 6. Modeli iliyolelewa huko ikiletwa kwenye panga langu la 100,000 iko ugenini kabisa. Ukipewa modeli yoyote ya data, swali la kwanza uliza ililelewa wapi.

Kuhusu kuiweka: unahitaji lugha ya programu ya Python, kisha amri moja ya pip, kipakuzi chake. Haiji peke yake, inavuta AeroSandbox na maktaba nyingine, kwa hiyo ipakue mahali penye intaneti nzuri, usianze na bando la mwisho wa mwezi. Haina madirisha ya kubonyeza, ni ya kuandika amri, na hapo vijana wa fani ya useremala wanakwama kwa siku za mwanzo. Nimewaandikia faili fupi ambapo wanabadilisha upana, kasi na pembe tu. Modeli zenyewe ziko za ukubwa nane, kuanzia xxsmall hadi xxxlarge. Anza na xlarge, na ukimaliza kuchagua umbo rudia mara moja kwa xxxlarge. Sijaona sababu ya kutumia zile ndogo kwenye kazi ya karakana, labda kompyuta iwe mbovu sana. Leseni yake ni ya MIT, inaruhusu hata kuuza mtambo uliousanifu nayo bila kumlipa mtu. Maumbo yenyewe utayapata kwenye hazina ya Chuo Kikuu cha Illinois, ambako Selig na wenzake wamekusanya mikato zaidi ya elfu moja na mia tano katika faili ndogo za maandishi.

Nani aichukue? Fundi wa mapanga, mwanafunzi wa chuo cha ufundi anayetaka kuelewa kwa nini mkato wake haufanyi kazi, mtu anayetengeneza droni zenye mabawa za kupimia mashamba. Anayetaka kujua panga linapoteza mnyanyuo kwenye nyuzi ngapi hasa, ili ajenge breki ya mtambo juu ya jibu hilo, asiitegemee peke yake. XFOIL huwa na matumaini makubwa mno karibu na pembe hiyo, na mwanafunzi wake amechukua matumaini yaleyale. Kwa breki yetu tunachukua jibu la NeuralFoil, tunalilinganisha na XFOIL, halafu mkia wa mtambo, unaoyaondoa mapanga kwenye upepo ukizidi, tunauweka ugeuke mapema zaidi kuliko zote mbili zinavyosema.